Sikukuu na watoto: hoteli ya Nungwi au ya Paje?

Msikilizaji, ukiwaleta watoto Mjini Unguja kupanda bembea za Kariakoo sikukuu ya Idi-el-Fitri, kisha ukataka kulala hoteli ya pwani, kabla ya bei uliza maji.

Nungwi, kaskazini, watu huogelea karibu saa zote. Paje, mashariki, maji yakipwa hwenda mbali. Watoto hucheza mchangani hadi kwenye mwani wa akina mama. Hatari ni yanaporudi: humzunguka mtoto aliyefika mbali. Na Idi hii huja mwezi ukiandama, wakati wa bamvu, maji hupwa na kujaa zaidi.

Kwa kuogelea, Nungwi inafaa zaidi, ila usiwaache peke yao. Ukichagua Paje, tafuta hoteli yenye bwawa, na kila asubuhi waulize wenyeji maji yanajaa saa ngapi.