Mvua Ndefu Si Mvua Kubwa

Mimi ni mwenyeji wa Nyeri, na mto Chania umenifunza jambo ambalo baadhi ya wapimaji wa ubongo hulisahau. Mvua ikinyesha Nyandarua, mto haujai papo hapo. Maji huja baadaye. Tena manyunyu ya kutwa yaweza kuujaza kuliko mvua kubwa ya dakika chache.

Ndivyo ilivyo damu kichwani. Mashine ya sumaku haioni fikira. Huona damu yenye oksijeni inayoifuata fikira, na kilele chake huchelewa sekunde 5 au 6 hivi. Awazaye kwa sekunde 3 huvuta damu nyingi kuliko ajibuye kwa nusu sekunde, ijapokuwa bidii yao ni moja. Mchanganuzi akiyahesabu matukio yote kuwa ya muda mmoja, atatangaza kwamba ubongo wa mzee hutaabika kuliko wa kijana, kumbe mzee wa watu alikawia tu!

Mwaka 2008, Jack Grinband na wenzake walipendekeza kila tukio lipewe urefu wake halisi katika hesabu. Nawaunga mkono. Wako watakaosema kukawia kwenyewe ni dalili ya taabu. Huenda, lakini hilo na lithibitishwe waziwazi, lisifichwe ndani ya picha yenye madoa mekundu.