Vita ilimpeleka mama kwenye mawe, karatasi za amani zinamfukuza

Ukifika Kamituga asubuhi, mbele ya kuona shimo hata moja, unasikia kwanza chuma. Ni wamama wanatwanga. Wamekaa chini, miguu imenyooka, kila mmoja na kinu chake na mchi wa chuma, vumbi nyeupe kwenye nywele mpaka huwezi kujua nani kijana na nani mzee. Jiwe linatoka shimoni kwa mikono ya wanaume, linapita hapa, linakuwa unga, ndipo linaenda kuoshwa ili dhahabu ionekane. Watu wanawaita « mama twangeze », neno ambalo tumejitengenezea wenyewe: kutwanga ni kwetu, mwisho wake tumeukopa kwa Wafaransa.

Juu ya vita na madini kumeandikwa mengi. Katika maandishi hayo mwanaume ni yule anayeshika bunduki, na mwanamke ni yule aliyefanyiwa ubaya. Ni kweli, na hatutaki mtu apunguze ukweli huo. Hospitali ya Panzi, pale Bukavu, ilianzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege ili mama aweze kuzaa salama, lakini vita ikamletea kazi nyingine kabisa, ile iliyomfikisha kwenye Nobel ya amani mwaka 2018. Na hao mama twangeze, je? Wanaonekana mahali gani? Ni vita ile ile iliwaleta hapa.

Turudi kidogo nyuma. Wazee wanakumbuka wakati wa SOMINKI, kampuni iliyoanza mwaka 1976. Kazi ilikuwa ya baba, mshahara wa baba, na nyumba ya kambi iliandikwa jina la baba. Mama alikuwa na shamba lake na soko lake. Hatusemi ilikuwa paradiso, maana mama mwenye bwana mlevi alijua vizuri mshahara unaishia wapi. Lakini kila mtu alijua nafasi yake. Ikaja vita ya 1996, kiwanda kikanyamaza, na mwaka uliofuata kampuni yenyewe ikafungwa. Kabla watu hawajapumua, 1998 ikaleta vita ya pili. Hapa kwetu Mwenga hakuna anayehitaji kuelezwa neno Kasika na mwezi wa Agosti wa mwaka ule.

Sasa, juu ya nini mama alikimbilia kwenye dhahabu? Wengine wanajibu haraka: tamaa. Hapana. Ni shamba lilikufa kwanza. Shamba la muhogo liko mbali na kijiji, njia inapita porini, na mwenye kwenda kulima ni mama. Watu wenye silaha walijua hiyo njia na saa anapopita. Mahali palipokuwa pa mwanamke tangu wakati wa mababu ndipo pakawa pa hatari kuliko pengine pote. Akibaki kijijini watoto watalala njaa, akienda shambani pengine hatarudi. Kwenye centre ya dhahabu kuna kelele, kuna pombe, kuna askari pia, lakini kuna watu wengi na kuna franga. Mjane alikuja, mke aliyekimbiwa alikuja, na msichana aliyekataliwa na wakwe juu ya mambo aliyofanyiwa kwa nguvu naye akaja. Hapo hakuna mtu alikuwa anamuuliza ametoka wapi, waliuliza tu kama ana nguvu za kutwanga.

Na wanaume? Tuwaseme nao, kwa sababu wasomaji wetu wengi ni wao. Vita ilimfunga mwanaume kwa kamba ingine. Toka zamani tunasema mwanaume ni yule anayeleta nyumbani. Ng'ombe wameibiwa, kiwanda kimefungwa, ataleta nini? Kijana alibakiwa na njia chache: kuingia kwenye kundi la silaha, kukimbia, ao kushuka shimoni. Wengi wamepitia zote tatu. Kuna creuseur leo anayechimba pamoja na mtu aliyekuwa anamtoza kodi kwenye barrière miaka iliyopita, na wanakula sahani moja. Kuna pia wanaume waliofanyiwa ubaya ule ule waliofanyiwa wamama. Panzi imewapokea hata hao. Kijijini hawasemi, kwa sababu siku atakaposema, hataitwa tena mwanaume. Basi anashuka chini mita nyingi, anachimba, anapanda na hasira, na ile hasira inaishia nyumbani. Hiyo nayo ni vita, hata kama redio haiitangazi.

Sasa tufike kwenye kiini cha habari yetu. Mwezi wa saba 2010, Marekani ilipitisha sheria, watu wanaiita Dodd-Frank, ambamo kipande cha 1502 kinadai kampuni zao ziseme kama bati, coltan, wolframu na dhahabu yao inatoka kwenye vita yetu. Mwezi wa tisa wa mwaka ule ule, Raisi Kabila akasimamisha uchimbaji wa mikono Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Miezi sita. Aliyekuwa na bwana mwenye kazi ingine alivumilia. Mama aliyekuwa anapikia wachimbaji kwa deni alibaki na daftari lenye majina ya watu waliokwisha kuondoka.

Halafu mwaka 2012 ikatoka kanuni ya waziri ya kupima machimbo kwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Ili upate kijani, hakuna watu wenye silaha, hakuna watoto, hakuna wanawake wenye mimba. Nia ni nzuri. Mwanamke mwenye mimba hafai kubeba mawe wala kuvuta vumbi ile, nani atabisha? Lakini ona vile kanuni ilivyotembea kutoka Kinshasa mpaka kilimani. Kwenye karatasi iliandikwa mwenye mimba. Kwenye machimbo mengine ikasomwa mwanamke, basi. Nani atapima mimba ya miezi miwili? Ni rahisi zaidi kufukuza wote siku ile wageni wa kukagua wanapokuja. Na ilikuta mlango uko wazi, maana kulikuwa tayari imani ya zamani kwamba mwanamke akikaribia shimo dhahabu inakimbia. Imani hiyo inatushangaza kidogo: dhahabu haikimbii mama anapoleta bugali na sombe kwa deni, inakimbia tu anapotaka kuwa na shimo lake.

Baadaye zikaja mashine za kusaga mawe. Mashine inasaga kwa muda mfupi mzigo ambao mama angetwanga siku nyingi. Mwenye mashine ni mwenye franga, na mwenye franga si mama twangeze. Hatuko adui wa mashine, vumbi ile inaua mapafu. Lakini tunauliza: kazi ilipokuwa ya mateso iliachiwa wamama, imekuwa nyepesi na yenye faida, imehamia mkono mwingine?

Kwenye semina za mjini wanaita mambo haya « le genre ». Watu wanakaa siku mbili, wanakunywa Fanta, wanatia sahihi ya perdiem. Sisi pia tulikaa humo, na soda tulikunywa. Hatujasikia mara nyingi mtu akifungua Code minier na kusoma kwa sauti kwamba carte de creuseur ni ya Mkongomani yeyote mwenye umri wa mtu mzima aliye ndani ya coopérative ya wachimbaji. Hakuandikwa mwanaume. Wala ile sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016, iliyobadilisha Code de la famille na kuondoa ruhusa ya bwana. Mbele ya hapo, mama mwenye ndoa alihitaji bwana akubali ndipo asaini mambo kama hayo. Leo sheria inadai bwana na mke wapatane, wote wawili sawasawa.

Kwa hiyo mama, siku watakapokuja kukuondoa kwenye chantier, uliza karatasi inayosema hivyo, na uisome ama umpe mtoto wa shule akusomee. Kama una mimba, ni kweli, kanuni inakutoa. Kama huna, hiyo kanuni haikuhusu. Nawe PDG wa shimo unayesoma hapa, fungua daftari lako la wafanyakazi leo jioni. Ona kama wale wamama wanaotwanga mawe yako wameandikwa humo kwa majina yao, ao kama umeandika tu « wamama » na hesabu ya vipimo.