Mja Mzito Aliyekunywa Pombe: Nini Humpata Mtoto, na Je, Amwambie Daktari?



Uharamu wa pombe unajulikana, hatutaurejea hapa. Tunaloulizwa ni jengine: mwanamke amekunywa naye ana mimba, pengine kabla hajajijua, na anaona haya kumwambia daktari.

Pombe huingia katika damu ya mama, ikapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Ini la mtoto bado changa, haliwezi kuivunja upesi. Kinachoumia zaidi ni ubongo, nao hujengeka miezi yote tisa. Kwa hiyo wanaosema miezi mitatu ya mwanzo ikipita hapana neno wamekosea, wala hakuna kiasi kilichothibitika kuwa salama, iwe bia, mvinyo au tembo la mnazi.

Mwaka 1968 daktari Paul Lemoine wa Ufaransa aliandika kuhusu watoto 127 wa wazazi walevi. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Marekani wakaupa ugonjwa huu jina. Mtoto huweza kuzaliwa na uzito mdogo, kichwa kidogo, mdomo wa juu mwembamba, na kile kijifereji cha chini ya pua kimesawazika. Lakini wengi hawana alama yoyote usoni, na hao ndio wanaodhulumika: skuli husahau somo la jana, hesabu haziwaingii, hawatulii, wakachapwa kwa "ukaidi". Bakora haitengenezi ubongo! Ugonjwa hauponi, ila mtoto akigunduliwa mapema husaidika kwa mafunzo maalumu na nyumba yenye utulivu.

Shari'ah imemchunga aliye tumboni. Mwanamke wa Ghaamid alipokiri zinaa, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimrudisha mpaka ajifungue. Na mja mzito anayemchelea mwanawe huruhusiwa kula mchana wa Ramadhaan.

Basi dada yetu atubie na aache leo. Kuacha hata mwezi wa sita kunamfaa mtoto. Aliyezoea kunywa kila siku aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani kukata ghafla bila uangalizi huweza kuleta degedege. Na amwambie daktari au mkunga ukweli. Kujisitiri ni katika dini, lakini kumweleza tabibu kwa haja ya matibabu si kujifedhehesha. Mume naye asimsimange, khasa ikiwa chupa ameileta yeye.

Na Allaah Anajua zaidi.