Bafle Imenyamaza: Tuanzie Wapi?

Siku moja hapa Mboko tuliongeza bafle ya pili kwenye ampli ya kanisa. Kwaya ikasimama, sauti ikakatika. Kijana mmoja akataka kufunga waya mahali pa fizibo. Hapana, mwanangu! Fizibo hukatika ili nyumba isishike moto.

Tulipima polepole. Batri: volti 12 zilikuwepo. Tukafungua bafle, tukagusisha kila moja na jiwe la tochi la volti 1,5: zote zikalia "tak!" Basi kosa lilikuwa katika nyuzi: plus na minus ziligusana nyuma ya ampli. Tukazitenganisha, tukaweka fizibo mpya ya kipimo kilekile. Kwaya ikaimba.

Vijana, dhamiri nayo ni fizibo. Ikikuzuia, usiifungie waya, tafuta kosa.