Mzigo una chupa za waini, mlangoni katoka kijana. Boda wako anafanyaje?

Leo tuongelee jambo ambalo wengi tunalikwepa mpaka siku litufike: kumwomba mtu kitambulisho pale anapopokea mzigo mlangoni kwake.

Mimi napokea oda za vyakula kwa WhatsApp na Instagram, hapa Dar. Mchele, mafuta, kuku, nyanya, sabuni, vitu vya nyumbani vya kawaida. Wikiendi na sikukuu wateja huwa wanataka na kinywaji, kwa hiyo nachanganya bia au waini kwenye kapu hilo hilo. Nililiona ni jambo dogo tu, chupa ni bidhaa kama bidhaa nyingine.

Desemba moja mteja wangu wa Kimara akaagiza kilo tano za mchele, kuku wawili, soda na chupa mbili za waini. Ni mama mtu mzima, nimemuuzia zaidi ya miaka miwili, hana usumbufu, akishaona bei analipa. Nikampa boda mzigo. Boda anafika saa nane mchana, mama yuko kazini. Anatoka kijana mrefu, sauti nzito, anasema "mama kasema nipokee." Boda akakabidhi, akaondoka. Mimi huku nikaandika kwenye daftari: umefika.

Saa kumi na mbili jioni simu inaita. "Dada, umemwachia mwanangu pombe?"

Yule kijana mrefu ana miaka 14. Alikuwa nyumbani na binamu yake wa miaka 11, wamefungua chupa moja wakaionja mpaka ikafika nusu. Yule mdogo akaanza kutapika, akalegea, wakamkimbiza zahanati. Alipona, kesho yake alikuwa anacheza mpira. Lakini ile jioni sikula. Nilijaribu kujitetea, nikamwambia, "Lakini dada, wewe si ndiye uliyesema nyumbani kuna watu watapokea?" Akanijibu, "Mimi nimenunua kwako, sijakutuma umpe mtoto wangu pombe. Uliniuliza nani atapokea?"

Sikuwa nimeuliza.

Sasa hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, na mimi nilikuwa wa kwanza. Tunafikiri suala la umri limekwisha pale pesa inapoingia. Aliyelipa ni mtu mzima, namba yake ya simu ninayo, basi. Lakini chupa haiendi kwa aliyelipa, inaenda kwenye mkono wa yule anayefungua mlango. Dukani watu hao wawili ni mmoja, anayelipa ndiye anayebeba. Kwenye biashara ya mtandaoni tumewatenganisha, halafu tukasahau kwamba tumewatenganisha.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kumuuzia mtoto pombe au sigara ni kosa. Unaweza kubishana kwamba mimi sikumuuzia mtoto, nilimuuzia mama yake. Jamani, mimi sitaki kwenda kubishana hivyo mbele ya mtu yeyote huku mtoto kalazwa. Na tukubaliane, wengi tumekua tukitumwa. Mimi mwenyewe nimemnunulia babu sigara dukani nikiwa darasa la pili, na mwenye duka alinipa na chenji. Ndiyo maana tukiambiwa habari za kitambulisho mlangoni tunaona ni mambo ya Wazungu.

Nikitaja Wazungu, nimekumbuka kitu. Mdogo wangu anaishi Uingereza, na siku moja, kabla ya mkasa wangu, alinipigia simu kanuna. Ameagiza vitu vya wiki kutoka supamaketi, mtandaoni, na ndani yake kuna chupa moja ya waini ya kupikia. Dereva kafika, kashusha mifuko yote, halafu kamwomba kitambulisho. Mdogo wangu ana miaka 30 na mtoto mgongoni! Kitambulisho hakukiona mara moja, basi dereva akachukua ile chupa akarudi nayo, vitu vingine akamwachia. Pesa ya chupa ikarudishwa. Mimi nilicheka sana siku ile. Baada ya Kimara nilimpigia nikamwambia hebu nieleze tena, taratibu.

Kule umri wa kununua pombe ni miaka 18 kama kwetu. Ila maduka mengi yanafuata utaratibu unaoitwa Challenge 25: ukionekana una chini ya miaka 25, utaombwa kitambulisho hata kama una 24 au 30. Kwa nini 25 na siyo 18? Kwa sababu jicho la binadamu haliwezi kutofautisha mtu wa miaka 17 na wa miaka 19. Hata wewe huwezi. Lakini anayeonekana ana zaidi ya 25 ni nadra sana kuwa na 17. Kwa hiyo wameweka nafasi ya miaka saba ya makosa. Na dereva anamwangalia aliyesimama mlangoni, siyo jina lililoandikwa kwenye oda. Kule hata kisu cha jikoni kina umri, hawauziwi walio chini ya miaka 18 Uingereza.

Boda wangu alihukumu kwa urefu na sauti. Angekuwa na kanuni ya 25 angeuliza, maana yule kijana kwa vyovyote hakufanana na mtu wa miaka 25.

Haya, nieleze ninavyofanya sasa.

Kazi kubwa inafanyika kabla ya pesa kulipwa. Mteja akiweka kinywaji kwenye oda, namtumia ujumbe huu kabla sijampa lipa namba: "Asante kwa oda. Mzigo wako una kinywaji chenye kilevi, kwa hiyo atakayepokea awe na miaka 18 au zaidi, na boda anaweza kumwomba kitambulisho. Nani atapokea, na saa ngapi?" Nasubiri jibu. Lile swali la mwisho ndilo limenisaidia kuliko kitambulisho chenyewe. Wateja wengi wanajibu, "Aa, mimi narudi saa moja, basi leta saa moja na nusu." Tatizo limekwisha bila mtu kuombwa chochote. Ukiliuliza mlangoni ni ugomvi, ukiliuliza kabla ya malipo ni huduma. Na mteja akishakubali kwa maandishi, hawezi kumgombeza boda.

Kufunga mzigo: vinywaji vinakaa kwenye mfuko wake peke yake, na nauandika kwa maka peni "18+". Nimejifunza kwa yule dereva wa mdogo wangu. Akipatikana mtoto mlangoni, mchele na kuku vinabaki, mfuko wa chupa unarudi. Zamani nilikuwa nachanganya kila kitu kwenye boksi moja na gundi juu, boda angefanya nini hapo? Kurudisha kuku wa watu saa nane mchana na jua la Dar?

Boda nimemfundisha maneno, maana namna ya kuomba ndiyo kila kitu. Akiona ni mtu mzima kabisa haombi chochote, anasema "shikamoo mama" na kukabidhi. Kumwomba kitambulisho mzee wa miaka sitini ni kumvunjia heshima na hakuna faida. Akiona ni kijana: "Samahani kaka, humu kuna kinywaji, naomba nione kitambulisho. Sipigi picha, naangalia mwaka tu." Mabinti wengi wanacheka, wanaona wamesifiwa. Vijana wa kiume ndio wanaopandisha, "unanionaje mimi?" Hapo boda asibishane, anampigia simu aliyelipa na kumpa simu kijana waongee wao.

Kitambulisho gani? Kadi ya NIDA, leseni ya udereva, pasipoti, kadi ya mpiga kura, chochote kutoka serikalini chenye picha na tarehe ya kuzaliwa. Kitambulisho cha shule hapana. Kwa wale wenye namba ya NIDA tu bila kadi, kuna jambo wengi hawalijui ingawa liko mbele ya macho yao. Namba ile ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka, mwezi, halafu siku. Inayoanza na 20040315 ni ya mtu aliyezaliwa tarehe 15 Machi 2004. Kwa hiyo boda hahitaji kuona namba nzima, tarakimu nane zinatosha. Ila angalia, namba bila picha inaweza kuwa ya kaka yake. Mimi naikubali tu kama aliyelipa anathibitisha kwa simu kwamba aliyesimama pale ndiye.

Na hili la picha naomba mnisikilize vizuri, maana nililikosea pia. Mwanzoni nilimwambia boda apige picha ya kitambulisho anitumie, kama ushahidi. Nikajiona mjanja. Wiki ya pili dada mmoja wa Sinza akaniuliza, "Picha ya kitambulisho changu sasa hivi iko kwenye simu ya nani?" Ilikuwa kwenye simu ya boda, kwenye simu yangu, na kwenye simu ya mwanangu anayenisaidia kuandika oda. Sehemu tatu! Watu wanaogopa vitambulisho vyao kutumika kuombea mikopo au kufungulia vitu wasivyovijua, na wana haki ya kuogopa. Isitoshe tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na inataka ukusanye taarifa za mtu kwa kiasi cha shughuli uliyonayo tu. Shughuli yangu ni kujua kama kafika 18. Jibu ni ndiyo au hapana. Nilifuta picha zote, na sasa kwenye daftari naandika: "kimeonyeshwa, sawa", pamoja na saa. Basi.

Gharama ya chupa iliyorudi nani abebe? Hapa tutatofautiana, kila mtu na biashara yake. Mimi nimeamua hivi: kama nilituma ule ujumbe na mteja akakubali halafu boda akakuta mtoto peke yake, chupa inarudi, inakaa kwangu mpaka kesho, na nauli ya safari ya pili ni ya mteja. Akisema haitaki tena, namrudishia pesa ya chupa yote. Kama sikutuma ujumbe, kosa ni langu na nauli ni yangu. Boda yeye nauli yake analipwa kwa vyovyote, amekabidhi au amerudi nayo. Hili msilipuuze. Boda anayelipwa pale tu mzigo unapopokelewa atamkabidhi hata mtoto wa chekechea, na huwezi kumlaumu, naye ana hesabu ya jioni.

Kuhusu leseni nitasema kwa ufupi. Kuuza pombe kunahitaji leseni ya vileo kutoka halmashauri yako, na leseni ya kawaida ya biashara haitoshi. Kuweka "kachupa kamoja" kwenye kapu la zawadi la Krismasi nako ni kuuza pombe. Kama huna, nenda ofisi ya biashara ya halmashauri uulize, au acha chupa kabisa, weka juisi. Wenzetu wa Kenya, kwenu sheria ya 2010, ile mnayoiita ya Mututho, nayo inasema 18. Julai 2025 ilitoka sera inayopendekeza umri upande hadi 21, na kuuza pombe mtandaoni na kupeleka majumbani kuzuiwe. Ilitoka kama pendekezo na siyo sheria, lakini anayejenga biashara yake yote juu ya chupa za kupeleka nyumbani aiangalie.

Yule mama wa Kimara alikaa miezi minne bila kuagiza. Sikumbembeleza, nilimtumia ujumbe mmoja wa kuomba radhi nikamweleza nilichobadilisha, nikanyamaza. Siku ya Pasaka akaagiza: mchele, maharage, mafuta, waini chupa moja. Nikamtumia ule ujumbe wangu kama kwa mteja mwingine yeyote, nani atapokea na saa ngapi. Akajibu, "Mimi mwenyewe, saa mbili usiku, na kitambulisho ninacho mkononi," na vile vikatuni vya kucheka vitatu. Boda alipofika alimpa shikamoo.