Ndege tano zilizoruka mazoezini zisirudi

Mchana wa Desemba 5, 1945, ndege tano za Jeshi la Majini la Marekani, aina ya Avenger, ziliruka kutoka Fort Lauderdale, Florida, zikiwa na watu 14. Yalikuwa mafunzo ya kawaida: kwenda mashariki, kudondosha mabomu ya mazoezi baharini, kupinda kaskazini, kisha kurejea. Hazikurudi.

Kiongozi wao, Luteni Charles Taylor, mkufunzi aliyewahi kupigana vitani, alieleza kwa redio kuwa dira zake mbili zimeharibika. Aliamini wako juu ya visiwa vya Keys, kusini mwa Florida, hivyo akaelekea kaskazini mashariki kutafuta nchi kavu. Kumbe walikuwa jirani na Bahamas, na njia hiyo iliwapeleka mbali zaidi baharini. Marubani wanafunzi walisikika wakisema kuwa wangeelekea magharibi wangefika nyumbani. Mwelekeo ukabadilishwa mara kadhaa huku giza likiingia, bahari ikichafuka na mafuta yakipungua.

Usiku huo ndege iliyotumwa kuwatafuta ilipotea pia, na watu 13.

Wachunguzi wa jeshi walimlaumu Taylor. Familia yake ilipopinga, ikaandikwa kuwa chanzo hakijulikani. Mabaki hayajapatikana, na wasimulizi wa Pembetatu ya Bermuda wameigeuza ajali hiyo kuwa muujiza. Lakini mazungumzo ya redioni yanaonyesha jambo la kawaida zaidi: kiongozi aliyepotea njia, na wanafunzi waliomfuata ingawa walikuwa na shaka.