Chaja mpya kwa laptopu nzee: Pima kwanza!

Laptopu uliyorithi kwa kaka yako imezimika. Chaja yake imekufa na mradi wako wa chuo umo ndani. Mezani ipo chaja ya USB-C ya wati 65 ya laptopu ya jirani. Je, yaweza kukuokoa?

Ndiyo, lakini si kwa kukata waya na kuunga ovyo. Chaja hiyo huanza kwa kutoa volti 5 tu. Hupanda hadi 9, 15 au 20 inapoombwa. Laptopu nyingi za zamani hutaka volti 19 au 20, na hazijui kuomba.

Ndipo fundi hutia kibao kidogo cha kuziombea. Hukilehemu kwenye nyaya za tundu la zamani, bila kugusa betri.

Hata hivyo, jihadhari. Soma kibandiko kilicho chini ya laptopu. Iliyoandikwa volti 15 ikipewa 20 yaweza kuungua. Kwa volti 20, waya wa kawaida hubeba ampea 3, yaani wati 60. Zaidi ya hapo tafuta waya wa ampea 5. Baadhi ya laptopu za Dell nazo hukataa kuchaji betri zisipoitambua chaja.

Kabla ya kuchomeka, mwambie fundi apime kwa mita mbele yako: volti ngapi, na chanya iko upande gani? Akikataa, beba laptopu yako uende. Na betri ikiwa imevimba, usichaji kabisa.